Mlinzi wa Katikati na Mpira wa Heshima

Isome hii taratibu mpaka chini, chai yako haitapoa. Ukimaliza utajua mwenyewe umtumie nani.

Palikuwa na mtu anaitwa Wilondja, mzaliwa wa Fizi kule Kongo, aliyekulia kambini Kigoma, kisha akaenda Marekani na mama yake akiwa na miaka kumi na mitatu. Mungu alimpa mwili bila kupima. Wamarekani walimtazama mara moja tu wakamwingiza kwenye mpira wao, si huu wetu wa kupiga kwa mguu, bali ule wa kukumbatia kifuani na kukimbia nao, huku wapinzani wakitafuta namna ya kukuangusha kama gunia la mahindi.

Wilondja akawa mlinzi. Alianzia shuleni, akapita chuoni, akafika timu ya kulipwa na kudumu humo miaka tisa. Si haba, maana katika kazi ile wengi hutolewa kwa machela kabla hata hawajazoeleka.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Alisimama katikati kabisa ya mstari wa ulinzi. Mpira ukianzishwa, watu wawili wenye miili kama yake walimvamia kwa pamoja, na yeye kazi yake ilikuwa kutosogea. Basi. Wawili wakishikana naye, mwenzake wa nyuma anayeitwa Tyrell Voss anabaki hana wa kumzuia, anapita wazi na kumwangusha mwenye mpira. Uwanja mzima unaimba Voss. Picha ya Voss iko barabarani, Voss anatangaza soda. Wilondja anainuka chini ya watu wawili, anatema majani, anarudi mahali pake.

"Shukrani ya punda ni mateke," alikuwa akisema kwa Kiswahili kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna aliyemwelewa, nao walicheka wakidhani anatania.

Timu ile ilikuwa na desturi yake. Kila wakishinda, kocha alisimama na mpira wa mechi ya siku hiyo akamkabidhi mchezaji mmoja. Kesho yake mtunza vifaa aliuandika kwa rangi nyeupe jina la huyo mchezaji, tarehe na matokeo. Waliuita mpira wa heshima. Voss alikuwa nayo kumi na mmoja. Wilondja, kwa miaka tisa, hakupata hata mmoja.

Mwaka wa tisa goti likaanza kukataa. Daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba msimu ukiisha naye aishie hapo. Ilibaki mechi moja tu, nyumbani, dhidi ya timu ya mji jirani ambao hawajawahi kupatana nao tangu enzi za babu zao. Wilondja hakulala vizuri wiki ile. Alitaka mpira mmoja tu wenye jina lake, ampelekee mama yake, ili miaka yote ile ya kulaliwa na watu iwe na ushahidi.

"Wilondja, usihangaike," mama yake alimwambia kwenye simu. "Mimi nakuona."

"Wewe ni mama yangu, lazima unione," alijibu.

Tukifika hapa yupo mtu mwingine lazima nikuonyeshe. Timu zile huajiri pia wachezaji ambao kazi yao ni mazoezi peke yake. Siku ya mechi hawaingii uwanjani. Kazi yao ni kujifanya wapinzani wa wiki hiyo, ili wachezaji wa kweli wapate wa kujipimia. Jumatano hii mchezaji wa namna hiyo anavaa fulana yenye namba ya mpinzani mmoja, wiki ijayo namba ya mwingine. Hana namba yake. Aliyesimama mbele ya Wilondja kila Jumatano kwa miaka minne alikuwa kijana wa watu, mpole, mwenye ndevu nyekundu, na Wilondja alimpa jina la utani, akamwita Jumatano.

"Jumatano, umejiandaa?" anamuuliza.

"Nimejiandaa, kaka," anajibu yule, kisha anaangushwa.

Wiki ya mechi ya mwisho Jumatano alivaa namba hamsini na tatu, namba ya mwanzishaji wa wapinzani, yule anayeinama katikati na kuutoa mpira nyuma kati ya miguu yake ili mchezo uanze. Huyo ndiye Wilondja angetazamana naye pua kwa pua. Walirudia mara thelathini, na mara thelathini Jumatano alilala chali. Wilondja alimcheka kidogo, akampa mkono kumwinua, akaondoka akiwaza mpira wake wa heshima.

Siku ya mechi ilikuwa baridi ya kukata masikio. Uwanja ulijaa. Wilondja aliingia na shauri lake moyoni. Leo hatakuwa mlango wa Voss kupitia. Leo ataufuata mpira mwenyewe.

Mpira ulipoanzishwa mara ya tano au ya sita hivi, wale wawili walipomjia, akawakwepa kwa kuzunguka pembeni amkimbilie mwenye mpira. Alisahau jambo moja ambalo kila mlinzi hufundishwa siku ya kwanza, kwamba katikati pakiachwa wazi pote pamevunjika. Mwenye mpira akapita palepale alipotakiwa kuwepo Wilondja, kama anaingia kwake, akaenda mpaka mwisho wa uwanja. Wapinzani wakaongoza.

Kocha hakupiga kelele. Alimwita akamwuliza, "Ulikuwa wapi?"

Wilondja alikwenda kukaa kwenye benchi kwa aibu. Miaka tisa hakuwahi kuulizwa swali lile.

Jumatano akaja na chupa ya maji. Alikuwa amevaa koti la baridi kama watu wengine wasiocheza.

"Vidole vyake unaviangalia?" akauliza.

"Vidole vya nani?"

"Vya hamsini na tatu. Akijua mpira unapita kulia kwake, anabonyeza chini mkono ulioshika mpira mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Kama unapita kushoto, mkono unabaki umelegea. Nimemwangalia kwenye video siku tatu. Mke wangu amenuna."

"Mbona hukuniambia?"

Jumatano akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikufanyia mara thelathini, kaka. Nilidhani unaangalia."

Wilondja alikunywa maji taratibu. Mara thelathini alionyeshwa, naye aliona mtu wa kuangusha tu. Akamwambia, "Sikuangalia. Nisamehe." Jumatano akapunga mkono kama kusema si neno, akachukua chupa akaenda kuwapa wengine.

Kipindi cha pili Wilondja alirudi mahali pake na akakaa hapo. Akaangalia vidole. Vikiwa vyeupe, anaegemea upande ule kabla mpira haujatoka. Vikilegea, anaegemea upande wa pili. Wale wawili walichoka, maana kila walipotaka kumsukuma walimkuta ameshafika. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Watazamaji hawakuona chochote, lakini hamsini na tatu alianza kumwangalia kwa jicho baya. Timu yake Wilondja ikapata pointi, ikapata tena, ikapita mbele.

Zikabaki sekunde chache. Wapinzani walikuwa na nafasi moja tu, na kilichowatenga na ushindi kilikuwa hatua moja ya mtu mzima. Uwanja ulikuwa unapiga kelele hadi ardhi inatetemeka. Wilondja akainama, goti likamuuma mpaka machozi yakamtoka, akatazama vidole vya hamsini na tatu.

Vyeupe.

Alijua mpira unapita wapi. Angeweza kuchomoka upande ule, amkute mwenye mpira uso kwa uso, amwangushe mbele ya dunia nzima. Watangazaji wangelitaja jina lake. Lakini akichomoka, mmoja wa wale wawili anabaki huru, na huyo angemfikia Voss amzuie. Na kama angemkosa mwenye mpira, goti lenyewe lile, nyuma yake pasingekuwa na mtu.

Aliegemea upande wa vidole vyeupe, akawakusanya wote wawili kifuani, akakataa kusogea. Kitu kikalia ndani ya goti. Hakusogea. Voss akaruka juu ya rundo la watu na kukutana na mwenye mpira hewani, wakaanguka wote kabla mpira haujavuka mstari wa mwisho wa uwanja.

Mechi ikaisha. Uwanja ukaimba Voss.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha akasimama na mpira. Wilondja alikuwa amekaa chini, barafu imefungwa gotini, na alikuwa ameshajisalimisha moyoni. Kocha akamkabidhi Voss. Watu wakapiga makofi.

Voss akaupokea, akauzungusha mkononi, kisha akasubiri makofi yaishe.

"Ninayo kumi na mmoja nyumbani," akasema. "Jana nilijaribu kukumbuka ni mchezo gani katika hiyo kumi na mmoja niliocheza bila huyu kubeba watu wawili mbele yangu. Sikuupata. Nimechelewa miaka tisa, na naona haya." Akaenda kuuweka mpira mapajani kwa Wilondja. "Asante, ndugu yangu."

Wilondja, mtu mzima na mwili wake wote ule, akalia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki yake alikuwa nayo mapajani. Watu walimjia mmoja mmoja kumshika bega.

Mtunza vifaa, Mzee Gus, akaja na daftari na kalamu. "Niandike Wilondja tu, au na jina la baba?"

Wilondja akafungua mdomo alitamke jina alilolisubiri miaka tisa. Macho yake yakamwangukia Jumatano, amesimama mlangoni na rundo la taulo, anapiga makofi kwa viganja vilivyojaa taulo, anafurahi kuliko wote.

"Usiandike langu," Wilondja akasema. "Andika la yule pale."

"Nani?"

"Yule. Ndiye aliyenipa mchezo huu. Andika..."

Akakwama. Mzee Gus akasubiri, kalamu iko juu ya karatasi. Chumba kizima kikasubiri. Wilondja alitafuta jina kichwani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na akajua kuwa halimo. Mtu ambaye yeye Wilondja alimwangusha kila wiki kwa miaka minne, akamwinua kwa mkono wake mwenyewe, hajui anaitwaje. Miaka tisa amelalamika kwamba hakuna anayelitaja jina lake. Kweli nyani haoni kundule.

Akainuka kwa goti moja, akachechemea mpaka mlangoni.

"Ndugu yangu, unaitwa nani?"

Yule akatabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. "Delroy. Delroy Haskins." Kisha akasema polepole, bila ugomvi wowote, "Nilidhani unalijua."

Wilondja alimkumbatia pamoja na taulo zake. Akamwambia asante mbele ya wote, akalirudia lile jina lote, jina la kwanza na la ukoo, mara tatu, ili lisimtoke tena. Mzee Gus akaandika. Voss, ambaye naye hakuwa akilijua, aliinamisha kichwa.

Jioni Wilondja alimpigia mama yake simu.

"Mama, mpira niliupata. Lakini sinao. Nimempa mtu." Akamweleza habari yote, vidole, taulo na jina.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyenyonyoa kuku kiwandani miaka kumi na minne tangu waingie Marekani.

"Vema umempa, papa," akasema, maana kwao mama humwita mwanawe hivyo. "Huyo umemshukuru. Na wengine?"

"Wengine gani, mama?"

"Siku yako ya kwanza kabisa ya mazoezi nilikupeleka mimi kwa miguu, unakumbuka? Nilitakiwa niwe kiwandani. Ningekosa zamu ile wangenifukuza, na tungekuwa tunalala nje. Unafikiri nani alisimama mahali pangu?"

Miaka yote ile Wilondja hakuwahi kujiuliza.

"Nani, mama?"

"Mwanamke mmoja wa pale kiwandani. Alikuwa ametoka kumaliza zamu yake mwenyewe, miguu imemvimba. Akaniambia nenda, mtoto asichelewe. Akaingia tena. Alifanya zamu yake na yangu siku ile ya Jumanne, na Jumanne zote zilizofuata mpaka ulipojua njia. Anaishi bado, namba yake ninayo. Una kalamu hapo?"

"Ninayo."

"Basi andika. Anaitwa Altagracia."

Funzo: Kabla hujahesabu waliosahau kukushukuru, tafuta jina la yule aliyekubeba wewe, na umwambie asante angali anaisikia.