Tope la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo kiboko alikuwa na kiti chake cha uvivu barazani na nyati akinywa uji kwa bakuli, wanyama wa Bwawa Jekundu walikuwa wakimchagua mwenyekiti kila mwaka, mvua zikikatika. Sogeeni. Na wewe huko nyuma, acha kuchezea kiatu cha mwenzio.

Mwenyekiti ndiye aliyepanga zamu za kunywa maji. Mwaka huu alikuwa Kiboko, mwaka unaofuata Nyati, kisha Kiboko tena. Wenyeviti walibadilika, zamu hazikubadilika. Wakubwa walikunywa asubuhi, maji yakiwa maangavu. Wadogo walikunywa jioni, wakubwa wakishaoga na kufanya humo mambo mengine ambayo sitayataja kwa kuwa tumetoka kula.

Bi Pimbi, mnyama mdogo wa mawe ya mlimani, alikuwa na watoto, na kila kiangazi watoto waliumwa matumbo kwa maji yale. Mwaka ninaowasimulia kitinda mimba wake alikuwa hawezi hata kusimama. Ndiyo maana Bi Pimbi aligombea uenyekiti kila uchaguzi, na kila uchaguzi alizuiwa mlangoni.

Alizuiwaje? Sikilizeni utaratibu. Siku ya kura, vibuyu vilitundikwa kwenye tawi, kila mgombea na chake, na kila mnyama akatia mbegu moja ya mkwaju katika kibuyu cha amtakaye. Ti! Lakini ili utundikiwe kibuyu, ulihitaji wadhamini wawili. Uliponda tope lako, ukaweka unyayo wako pembeni ili ijulikane kuwa ni lako, kisha wadhamini wakalikanyaga kwa hiari yao. Tope likikauka, Korongo, msimamizi wa uchaguzi, alipima nyayo kwa mdomo wake. Na likishakauka, hakuna kukana. Sheria hiyo Kiboko na Nyati waliitunga wenyewe, maana wafuasi wao walizoea kumdhamini mtu asubuhi na kumkana mchana.

Bi Pimbi alianza kwa kuwaleta Panya na Kwale. Wakaambiwa nyayo zao ni za juujuu mno, sheria inataka kina cha ukucha. Uchaguzi uliofuata akamleta Nguchiro na mkewe, wakaruka kutoka juu ya kichuguu, pu! Ukucha ulifika, lakini sheria nayo ilikuwa imeshateremka hadi kina cha kidole. Kiboko na Nyati waligombana kwa kila kitu, ila kwenye kumchimbia Pimbi sheria walipatana kama mtu na nduguye.

Safari hii wakatangaza kwamba unyayo wa mdhamini lazima umeze mdomo mzima wa Korongo. Mdomo wa korongo mnaujua ulivyo mrefu.

"Mwaka huu Pimbi atatafuta wadhamini mbinguni," Nyati alisema, na wakubwa wote wakacheka hadi maji yakatikisika.

Bi Pimbi hakucheka. Alirudi kwake, akamtazama mwanawe aliyelala, akalia kidogo. Kisha akanyamaza ghafla. Akawaza: nyayo za kumeza mdomo wa Korongo anazo nani hapa bwawani? Akatoka mbio kuwaamsha majirani.

Jua lilipochomoza, wadogo walikuwa wameshabeba maji kwa magamba ya konokono na kuponda tope laini, pana, kando ya njia ya bwawani. Bi Pimbi akaweka unyayo wake pembeni, mdogo kama ua la mchicha. Kisha akawaambia Kwale na jamaa zake wasimame kwenye majani, watazame na kusikiliza.

Akamwendea Kiboko barazani kwake, akamwamkia vizuri, akamwambia kwamba wadogo wana ubishi. Wanasema miguu ya Mzee ni minene tu, ndani imejaa hewa, na kwamba Nyati ndiye mwenye uzito wa kweli. Wameponda tope ili waone nani atazama zaidi.

Kiboko alisimama, kiti cha uvivu kikavunjika. "Liko wapi tope, niwaonyeshe?"

"Liko njiani, Mzee," Bi Pimbi alisema, na walipofika penye tope akaongeza, "Lakini mimi sikulazimishi. Utakanyaga kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu! Ondoka hapo nisije nikakuponda."

Gubu! Ardhi ikatetemeka. Hakutazama chini hata mara moja. Wakubwa wa bwawa lile hawakuwa na mazoea ya kutazama chini, na huko chini ndiko kulikokuwa na unyayo mdogo wa mwenye tope. Kiboko akaenda zake kuoga, ameridhika kabisa.

Bi Pimbi akakimbia kwa Nyati, akamkuta anakunywa uji. Akamweleza ubishi ule ule, ila safari hii mwenye uzito alikuwa Kiboko. Nyati hakumaliza uji. Naye akaulizwa penye tope kama anakanyaga kwa hiari, naye akajibu kwa sauti ya kusikika mlimani kwamba yeye hajawahi kulazimishwa na yeyote. Gubu! Tope likarukia hadi kwenye majani, Kwale akafumba macho.

Jua likawaka. Tope likakauka, likawa gumu kama chungu.

Alasiri Korongo akaja kupima mbele ya wanyama wote. Akaingiza mdomo katika unyayo wa kwanza, ukazama wote. Katika wa pili, ukazama wote. Akautoa, akaupangusa kwa ubawa, akatangaza kuwa Bi Pimbi amepata wadhamini wawili, nao ni Mzee Kiboko na Bwana Nyati.

"Nilikuwa nashindana!" Kiboko alifoka.

"Tope limekauka, Mzee," Korongo alisema. "Na Kwale amesikia mkisema ni kwa hiari. Sheria ni yenu."

Kibuyu cha tatu kikatundikwa. Lo, wanangu, mngekuwepo! Panya waliokuwa hawapigi kura miaka yote walitoka mashimoni. Nguchiro wakaja, kwale wakaja, sungura na wakwe zao wakaja. Ti! Ti! Ti-ti-ti-ti! Kibuyu kikajaa, mbegu zikamwagika chini, tawi likapinda.

Kesho yake alfajiri, kitinda mimba wa Bi Pimbi alibebwa mgongoni hadi bwawani, akanywa maji ambayo alijiona ndani yake. Mama yake akacheka, akainama, akanywa naye.

Korongo akamnong'oneza mwenyekiti mpya kwamba ni desturi sasa aseme unyayo wa mdhamini uwe na kina gani uchaguzi ujao. Bi Pimbi akafungua mdomo, akaufunga. Karibu na mguu wake alisimama Sisimizi, anamtazama tu.

"Unyayo wowote unaoonekana," Bi Pimbi akasema.

Uchaguzi uliofuata Sisimizi aligombea, na ukoo wake ni mkubwa, kwa hiyo Bi Pimbi alikosa usingizi mwezi mzima. Lakini kina cha nyayo hakukigusa.

Basi, wanangu, anayetunga sheria ya kumzuia mdogo, atazame kwanza anapokanyaga mwenyewe.