Bi Sange na Anwani za Pangoni

Jamani, mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Basi sogeeni karibu, maana ninakowapeleka hakuna taa.

Moto ulishika nyika. Ulianzia mbali, ukaja unavuma, vuuu! Nyasi zikaisha, vichaka vikaisha, wanyama wakakimbilia ndani ya pango refu chini ya mlima. Humo mlikuwa na giza totoro, giza la kumtia mtu kidole jichoni asijue kimetoka wapi.

Chakula kilitegemea Popo. Popo alivuka mto, akachuma matunda upande usioungua, akarudi nayo moja moja. Sasa, katika giza lile, atajuaje hili ni la nani? Ndipo wanyama wakawekeana utaratibu. Kila mmoja awe na anwani yake, na anwani yenyewe iwe mlio. Digidigi akawa Wii-wii. Nungunungu akawa Chaka-chaka. Popo akiingia huita, "Tunda la Wii-wii!" Digidigi hujibu, "Hapa!" Tunda huanguka, po!

Mgeni akija, hakuna wa kumgawia. Anajichagulia mlio mwenyewe, kisha anauliza, "Kuna mwenye anwani hii?" Pakiwa kimya, ni yake mpaka siku atakayoondoka. Akisikia "Yangu!" basi atafute nyingine.

Utaratibu ulikwenda vizuri, mpaka alipoingia Bwana Ngiri.

Ngiri alikuwa na mwili kama gogo na meno yaliyopinda. Alichukua anwani moja, akala, hakutosheka. Akachukua nyingine. Halafu akagundua jambo: mgeni akiuliza, yeye akiwahi kusema "Yangu!", basi Popo anamletea tunda jingine. Wenyeji walisikia, wakanyamaza. Nani abishane na meno yale gizani?

Bi Sange akafika wakati huo. Mnamjua sange? Kanyama kadogo, miguu ya kurukia, pua ndefu kama mrija. Alikuja na watoto wake pacha, manyoya yao yananuka moshi. Mwenye njaa hachelewi. Akaita:

"Tiki-tiki! Kuna mwenye anwani hii?"

"Yangu!" Ngiri akanguruma.

"Toko-toko! Kuna mwenye anwani hii?"

"Yangu!"

"Nyau-nyau! Kuna mwenye anwani hii?"

"Yangu! Na hiyo unayoifikiria sasa hivi, nayo yangu!"

Popo akaingia. "Tunda la Tiki-tiki!" "Hapa!" po! "Tunda la Toko-toko!" "Hapa!" po! Matunda yote yakaangukia kwa Ngiri. Kumbe kila Bi Sange alipoomba anwani, alikuwa anamlisha Ngiri.

"Popo, kaka yangu," Bi Sange akamlilia, "watoto hawajala tangu moto uanze."

"Dada, mimi nasikia sauti, sioni sura," Popo akasema, naye sauti imemlegea. "Aliyejibu ndiye mwenyewe. Nikianza kubagua, kesho watanigombania wote."

Bi Sange akamgeukia Ngiri. "Bwana Ngiri, shikamoo. Niachie moja tu, ya wanangu."

"Marahaba. Nikuachie ipi? Zote nazipenda."

Watoto walilia, kisha wakaacha kulia. Hapo ndipo mama alipoogopa zaidi. Akawapapasa kila mara, huyu anapumua, na huyu anapumua. Akawa anakaa hivyo tu, mkono mmoja huku, mmoja kule.

Mara pua yake ikacheza. Harufu gani hiyo? Si moshi, si matunda. Harufu ya ubaridi, ya magamba. Akatega sikio. Sssrrr... kimya. Sssrrr... kimya.

Chatu! Naye kakimbia moto, naye ana njaa.

Moyo wa Bi Sange ukapiga du-du-du, akahofia Chatu atausikia. Akawanong'oneza watoto, "Msijibu mtu. Hata mkisikia sauti yangu, msijibu." Akapita kwa Digidigi, akapita kwa Nungunungu, akawaambia hivyo hivyo kwa kuwagusa masikio. Wote wakajikunyata. Ngiri hakunusa kitu, alikuwa amelalia maganda ya matunda.

Bi Sange akaenda akasimama katikati ya pango. Akavuta pumzi. Akaita:

"Gubu-gubu! Kuna mwenye anwani hii?"

Papo hapo akaruka pembeni, tup! Upepo wa kichwa cha Chatu ukapita mahali alipokuwa.

"Yangu!" akajibu Ngiri.

Chatu akageuza kichwa. Sssrrr...

"Meku-meku! Kuna mwenye anwani hii?" Akaruka, tup!

"Yangu! Huchoki wewe?"

Sssrrr... Sasa Chatu alikuwa karibu na Ngiri. Lakini alikuwa karibu na wale pacha pia. Mtoto mmoja akaguna kidogo, mm. Chatu akasimama. Bi Sange hakungoja, akapaza sauti kuliko mara zote:

"Sindi-sindi! Kuna mwenye anwani hiiii?" Tup!

"Yangu! Yangu! Leteni hapa!"

"Hapa wapi?" ikauliza sauti nyembamba.

"Hapa nilipo! Kwani huoni... We! Nani ananishika mguu?"

"Umesema nilete. Nimeleta njaa yangu."

Uwiiii! Ngiri alipiga yowe, mkia umesimama wima, akachomoka na Chatu kamzonga mguuni, wakatoka nje, gudu-gudu-gudu! Chatu alipogusa majivu ya moto akaachia, akajiburuta kwenda mtoni. Ngiri hakugeuka nyuma. Mpaka leo hajarudi pangoni.

Ndani, Bi Sange akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, "Njuku-njuku... kuna mwenye anwani hii?"

Kimya. Akangoja. Kimya bado. Ikawa yake.

Baadaye Popo akaingia. "Tunda la Njuku-njuku!"

Bi Sange akatega sikio kwanza. Vipi kama si Popo? Vipi kama yule karudi?

"Tunda la Njuku-njuku! Mwenyewe yupo?"

"Ha... hapa!" akasema, na kwa woga akaruka pembeni, tup! Tunda likaanguka pale alipokuwa, po, pasipo mtu. Ikabidi alitafute kwa pua kwenye mawe, mpaka akalipata, akalipasua, akawalisha wanawe, mmoja huku, mmoja kule.

Na funzo lake, wanangu? Ukisikia kitu kinaulizwa mwenyewe gizani, wahi kusema ni chako. Mwangalieni Ngiri: katika wanyama wote ndiye aliyetangulia kuliona jua, tena kwa kusindikizwa.

Nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie nikaisimulie kwingine.