Watatu Waliovunja Kipeo cha Sita

Nitegeeni masikio, maana hadithi hii ikifika mwisho mimi nitanyamaza, na ninyi ndio mtakaosema.

Katika shule moja ya sekondari iliyo kwenye miteremko ya juu ya Tukuyu, mahali ambapo mvua ikikosa siku mbili watu huanza kuulizana kulikoni, palikuwa na mwalimu wa hisabati aliyeitwa Tumwitike. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini inayofika mpaka dawati la mwisho. Alikuwa amefundisha hodari wengi, lakini hakuwahi kupata watatu kama hawa aliowapata mwaka ule.

Wa kwanza alikuwa Gwakisa, mtoto wa fundi baiskeli. Kichwa cha Gwakisa kilikwenda mbio kuliko ulimi wake. Ukimpa hesabu, hulinusa jibu kama paka anavyonusa dagaa. Ukimuuliza amelipataje, hucheka na kusema, "Nimeliona tu, Mwalimu."

Wa pili alikuwa Subilaga, binti aliyelelewa na bibi yake. Yeye kipaji chake kilikuwa subira, na mkono usioteleza. Hesabu ndefu ambazo wenzake huzitupa njiani, Subilaga huzifikisha nyumbani, mstari kwa mstari, bila kufuta.

Wa tatu alikuwa Atupele, ambaye mama yake husuka mikeka. Alikuwa mzito wa kujibu. Katika mitihani kengele ilimkuta mara nyingi bado anatazama swali la pili. Wapo waliomwita mvivu. Lakini Atupele alikuwa na jicho. Pale wenzake walipoona fujo, yeye aliona ua la mkeka ambalo halijamalizika kusukwa.

Basi ikatangazwa kwamba Mbeya mjini kutakuwa na shindano la hisabati, kila shule ipeleke watatu. Mwalimu Tumwitike akawachukua hao. Wakashindana, shule zikachujwa, mpaka zikabaki nne. Ndipo akasimama msimamizi wa shindano, Profesa Kokugonza, mama mrefu mwenye mvi fupi, akaandika kwenye mbao nne swali moja:

x⁶ − x⁵ − 6x⁴ + 4x² − 4x − 24

"Hii ni polinomia ya kipeo cha sita," akasema. "Ivunjeni vigawo mpaka isivunjike tena, kwa namba nzima tu. Kila shule ina chaki moja. Aliye na chaki ndiye anayeandika. Walimu, midomo yenu muifunge."

Kwa msiojua mambo haya, niseme kidogo. Namba kumi na mbili ukiivunja unapata mbili mara mbili mara tatu. Hapo imefika mwisho, haivunjiki zaidi. Polinomia nayo huvunjika vivyo hivyo, ila ndani yake mna eksi, namba iliyoficha uso wake, imepandishwa kipeo juu ya kipeo. Cha pili kila mwanafunzi hukivunja. Cha tatu hutoa jasho. Cha sita ni mlima, na ukiutazama kutoka chini huoni pa kuweka mguu.

Mwalimu Tumwitike aliketi kwenye viti vya nyuma, akalitazama swali lile. Yeye mwenyewe hakuona pa kuanzia.

Gwakisa akaidaka chaki.

"Tusihangaike na mlima mzima," akawaambia wenzake. "Tutafute namba inayouzima. Eksi ikiwa namba hiyo, yote iwe sifuri. Na kama ipo, lazima iwe inagawanya ishirini na nne ya mwisho pale."

Akafumba macho. Midomo ikawa inacheza. "Moja... hapana, inabaki hasi thelathini. Mbili... hasi themanini, mbaya zaidi. Tatu." Mwalimu Tumwitike naye, kule nyuma, akaanza kuhesabu kwenye vidole. Tatu kwa kipeo cha sita ni mia saba ishirini na tisa. Toa mia mbili arobaini na tatu. Toa mia nne themanini na sita. Loo! Zimefutana zote. Kisha thelathini na sita, toa kumi na mbili, toa ishirini na nne. Hakikubaki hata chembe.

"Tatu!" Gwakisa akapiga kelele, na kabla watu hawajageuka akaongeza, "Na hasi mbili! Hasi mbili nayo inauzima!"

Akaandika ubaoni: (x − 3), na pembeni yake (x + 2). Shule nyingine zilikuwa bado zinakuna vichwa. Mwalimu Tumwitike alistaajabu jinsi mtoto yule alivyopita katikati ya namba zote za duniani akazitoa hizo mbili, kama mtu anayeita ndugu zake kwenye umati.

Lakini kujua mlango ulipo si kuingia. Sasa ilibidi polinomia ile igawanywe kwa vigawo hivyo, ijulikane kilichobaki. Gwakisa akajaribu kichwani, akapotea. Akajaribu ubaoni, mistari ikapishana. Akafuta. Akaandika tena, ikagoma tena. Shule za jirani nazo zikawa zimezipata zile namba, zinaanza kugawanya.

"Nipe," akasema Subilaga.

Hakuanza kugawanya. Kwanza aliinakili polinomia upya, polepole, watu wakimwona kama anapoteza muda. Alipofika baada ya 6x⁴, mkono ukasimama. Kipeo cha tatu hakikuwepo. Swali lilikuwa limeruka kutoka cha nne hadi cha pili, na hakuna aliyeshtuka. Subilaga akaandika pale 0x³.

"Sifuri ya nini tena?" Gwakisa akanong'ona. "Si hakuna kitu?"

"Hakuna kitu, lakini nafasi yake ipo," Subilaga akamjibu. "Usipoiacha, wanaofuata watakaa mahali pasipo pao."

Mwalimu Tumwitike alimfahamu mtoto yule. Baba yake alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu Chunya Subilaga akiwa hajajua kusoma, hakurudi, na mpaka leo bibi yake akipakua chakula huiweka sahani ya mwanawe mezani.

Subilaga akagawanya kwa (x − 3). Zidisha, toa, shusha. Zidisha, toa, shusha. Hakuna haraka, hakuna kufuta. Ubao wa shule moja ya jirani ulikuwa umejaa namba hadi pembeni, na kila walipofika chini kulibaki masalio yasiyotaka kuondoka, maana nafasi ile ya kipeo cha tatu hawakuiacha. Wa Subilaga ulishuka sawasawa, na mstari wa mwisho ukawa sifuri. Akachukua kilichopatikana, akakigawanya tena kwa (x + 2). Vipeo vikaanza kuanguka kimoja kimoja kama maganda ya kitunguu, na alipochora mstari wa mwisho, mlima wote ule ulikuwa umebaki kigawo kimoja kifupi, pembeni ya vile viwili vya Gwakisa:

(x − 3)(x + 2)(x⁴ + 4)

Ukumbini pakapita mguno. Wazazi waliokuja kutazama, ambao hawakuisoma aljebra hata siku moja walielewa kwamba kitu kikubwa kimekuwa kidogo mbele ya macho yao.

Hawakuwa peke yao. Shule mbili nyingine zilifika hapohapo, moja ikatangulia kuinua mkono. "Tumemaliza!" Ya pili ikafuata. "Sisi pia!"

"Mna hakika ni mwisho?" Profesa akawauliza.

"Ni mwisho. Hiyo haivunjiki."

Mwalimu Tumwitike alishusha pumzi. Ni kweli, haivunjiki. Kila mwaka aliwafundisha darasani kwamba miraba miwili ikitoana utaivunja, ikijumlishana iache kama ulivyoikuta. Na x⁴ + 4 ni miraba miwili inayojumlishana. Basi wametoka sare, na kutoka sare si aibu.

"Inua mkono, Subilaga," Gwakisa akamhimiza.

Hapo Atupele, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akanyoosha kiganja. "Naomba chaki."

"Atupele, haivunjiki hiyo. Mwalimu alisema."

"Najua alisema. Naomba chaki."

Akapewa. Akasimama mbele ya x⁴ + 4 kama anavyosimama siku zote. Watu wakaanza kukohoa. Mwalimu Tumwitike akaushika ukingo wa kiti chake kwa nguvu. Alitamani kupaza sauti amwambie mwanangu acha, usiiharibu kazi ya wenzako. Lakini kanuni ilimfunga mdomo, na namshukuru Mungu aliyeiweka kanuni ile.

"Pana pengo," Atupele akasema taratibu, kama anajisemea. "Katikati hapa. Kingekuwepo 4x², huu ungekuwa mraba mmoja mzima."

"Lakini hakipo," akasema Gwakisa.

"Nitakiweka. Halafu nitakiondoa."

Akaandika: x⁴ + 4x² + 4 − 4x².

Hakuna kilichobadilika. Alichokileta kwa mkono wa kulia alikitoa kwa mkono wa kushoto. Na hata hivyo kila kitu kilikuwa kimebadilika, maana vitu vitatu vya mwanzo vilijikunja vikawa mraba mmoja, na cha mwisho kilikuwa mraba tangu zamani, na kati yao palikuwa na alama ya kutoa:

(x² + 2)² − (2x)²

Miraba miwili inayotoana! Mwalimu Tumwitike alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuinuka. Aliiona kabla haijaandikwa, na bado ilipoandikwa ilimpiga kama umeme:

(x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2)

Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati, tone kwa tone. Profesa Kokugonza akaja ubaoni, akachukua chaki yake, akavizidisha vigawo viwili vile mbele ya wote. Vipeo vya tatu vikafutana. Vipeo vya pili vikafutana. Eksi zikafutana. Kikasimama x⁴ + 4, safi, kama vile hakijawahi kuguswa.

"Sasa ndiyo mwisho," akasema Profesa.

Makofi yalipotulia akamwita Mwalimu Tumwitike kando, kwenye veranda.

"Wamekushangaza?" akamuuliza.

"Profesa, miaka yote nimewaambia watoto kwamba kitu kile ni jiwe. Leo nimeona jiwe likifunguka."

"Basi sikiliza. Kwenye shule ninayoiongoza, ng'ambo ya ziwa, tunalea vijana wa hisabati. Nina nafasi kwa shule iliyoshinda. Mtoto atasoma kwetu mpaka amalize chuo kikuu. Ni nafasi moja."

"Moja? Hawa ni watatu."

"Najua. Nimeomba wafadhili waniongezee, wamekataa. Mimi nimewaona saa chache, wewe unawajua. Nitajie jina kabla gari langu halijaondoka mchana huu."

Mwalimu Tumwitike akaenda kuwakuta watoto nyuma ya ukumbi wanakunywa chai. Akawaeleza bila kuficha. Vikombe vikasimama njiani.

Gwakisa ndiye aliyeanza, na hakuona haya. "Mimi, Mwalimu. Simdharau mtu, lakini bila mimi hawa wangekuwa wanautazama ubao mpaka sasa. Mbele yao wote hapakuwa na njia. Mimi ndiye niliyeiona."

"Ulichoona kilikuwa mdomoni tu," Subilaga akamjibu. "Shule tatu ziliziona namba zako baadaye, si wewe peke yako. Na ulipojaribu kugawanya ulipotea. Ile sifuri ingesahauliwa, tungekuwa na masalio kama wale jirani zetu, na hiyo x⁴ + 4 asingeiona mtu, hata Atupele."

"Shule mbili nyingine nazo ziligawanya zikafika," akasema Gwakisa.

Subilaga akainamisha kichwa. "Kweli. Zilifika."

Wote wakamgeukia Atupele. Alikuwa anazungusha kikombe chake mikononi.

"Mimi naitaka," akasema hatimaye. "Sitawaongopea, naitaka sana. Lakini nilichokivunja nilikikuta kimeshasafishwa. Mngenipa ule mrefu wa mwanzo, kengele ingenikuta nimesimama." Akafikiri. "Na sijui, Mwalimu. Sijui kama nitaona tena. Huwa inakuja yenyewe."

Mwalimu Tumwitike akaenda na kurudi kwenye veranda, mvua ikimrushia manyunyu miguuni. Jifya moja haliinjiki chungu, alijiambia, lakini sasa anaombwa achague jifya, jiwe moja kati ya matatu ya mekoni. Amchague Gwakisa? Mwenye kufungua njia ana haki ya njia, ijapokuwa wengine wangeipata kwa kuchelewa. Amchague Subilaga? Kazi yake ndiyo iliyobeba yote, na ndiyo pekee ambayo angeweza kuapa kwamba kesho ataifanya tena vilevile bila kukosea. Au Atupele? Alifanya lile ambalo hakuna mwingine ukumbini aliyeliwaza, hata mwalimu wake. Bila yeye wangerudi nyumbani sare. Lakini ni mara moja, na mwenyewe hajui kama itarudi.

Gari likawashwa. Profesa Kokugonza akateremsha kioo.

"Haya, Mwalimu. Nani?"

Nyuma yake Mwalimu Tumwitike alisikia nyayo za watoto wake watatu zikija kusimama kwenye ukingo wa veranda. Hakuthubutu kugeuka. Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Hapo ndipo ninaponyamaza mimi. Nyinyi mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo, simameni mahali pa mama yule. Kioo kimeteremshwa, mvua inanyesha, na jina linalotakiwa ni moja. Mwenye kuiona njia, mwenye kuisafisha, au mwenye kuvunja lisilovunjika: mngemtaja yupi? Na mkishamtaja, mngegeuka mkawaambia nini wale wawili?