Mwenye Duka na Onyo Lake

Mtu mmoja alikuwa na duka la vifaa vya keki, na duka hilo lilikuwa limempatia heshima mjini. Jina lake lilikuwa Anaseli, ila majirani walimwita Baba Aneth. Waliooka keki za harusi walinunua kwake unga, hamira, arki na trei. Wenye sherehe za watoto walinunua mishumaa na maputo. Hakuwa mtu wa kupunja mizani. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, na kapu la sadaka lilipopita mkono wake haukuwa mzito.

Miongoni mwa bidhaa zake vilikuwepo vichupa vidogo vya gesi. Wapishi huitumia gesi hiyo kuivimbisha krimu mpaka iwe laini kama pamba. Kwa miaka mingi vichupa hivyo vilikaa rafu ya nyuma, vikishika vumbi, kwa sababu mpishi hahitaji vingi. Kisha wakaanza kuja vijana wasionukia siagi wala iliki. Walinunua gesi bila krimu, na sukari hawakuiulizia hata bei. Waliijaza gesi kwenye puto, wakaivuta kwa mdomo. Kichwa kilikuwa chepesi, walicheka bila sababu, na kabla kicheko hakijaisha midomoni kilikuwa kimeshaisha rohoni. Wakavuta tena. Anaseli aliyajua hayo, maana mji mzima uliyajua. Vichupa vikahama rafu ya nyuma vikaja karibu na mlango, na alipoona vinaondoka upesi akaagiza mitungi mikubwa.

Mkewe, Mama Aneth, alimwambia kwamba yeye hawapendi wateja wale. Anaseli hakutaka kugombana na mkewe, wala hakutaka kuiacha biashara. Akachukua karatasi nyeupe na kalamu ya wino mwekundu, akaandika kwa herufi kubwa kwamba gesi hiyo ni ya mapishi tu, na kwamba kuivuta ni hatari. Akaibandika ukutani, juu ya mitungi. Tangu siku ile moyo wake ukatulia. Aliyenunua alinunua akiwa ameonywa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa duka, binti mmoja alishona nguo barazani kwa baba yake. Aliitwa Leokadia. Baba yake, Mzee Mbonea, alikuwa fundi mwashi. Leokadia hakuwa mtoto. Alikuwa na kazi yake na wateja wake, na sauti ya cherehani yake ilianza asubuhi pamoja na milango ya maduka. Naye aliionja gesi ile kwenye sherehe ya rafiki yake, akacheka, akaipenda. Mwanzo ilikuwa ya mwisho wa juma. Ikawa ya jioni. Halafu ikawa haina saa. Alivuka barabara na noti mkononi, akarudi na mtungi ndani ya mfuko wa vitambaa.

Siku moja Anaseli, akiwa mlangoni pake, alimwona akijikwaa kwenye mtaro ambao alikuwa ameuvuka tangu utotoni. Leokadia mwenyewe alicheka, akajifuta vumbi. Baadaye watu wakaanza kusema kwamba binti wa Mbonea anatembea kama anayekanyaga godoro. Akiwa kwenye cherehani aliinamia miguu yake kuitazama, apate kujua kama imekanyaga. Ndipo siku moja kaa la moto likaanguka kutoka kwenye pasi, likatua juu ya mguu wake, naye akaendelea kushona. Harufu ndiyo iliyomwambia kwamba anaungua. Hospitalini daktari alisema kwamba gesi ile huiharibu vitamini inayolinda mishipa ya fahamu. Akaandikiwa sindano. Wakaambiwa kwamba nguvu huenda ikarudi, lakini huenda isirudi yote. Baraza la ng'ambo likawa kimya.

Mzee Mbonea alikwenda dukani. Hakupiga kelele. Alimwomba Anaseli aondoe ile mitungi, kwa ujirani tu, ili mtoto wa mtu mwingine asije akayapata yaliyompata wa kwake. Anaseli alimpa pole nyingi, na pole zake zilikuwa za kweli. Kisha akanyoosha kidole kuelekea ukutani.

"Nimeisoma, Baba Aneth," mzee akasema. "Mwandiko wako mzuri."

Akatoka, na kutoka pale alikwenda kutafuta wakili.

Hati ya madai ilipomfikia Anaseli, utulivu wake ulimtoka. Alizipanga rafu, akazipangua, akazipanga upya. Alianza kuhudumia mteja mmoja akamalizia na mwingine. Alifunga ubao mmoja wa mlango ili asilione lile baraza, kisha akajikuta anachungulia kupitia upenyo. Wakili wake hakuwa na wasiwasi. Alimwambia kwamba karatasi ile ndiyo shahidi mkubwa, isibanduliwe, na kwamba mitungi nayo isiondolewe, maana kuiondoa ni kukiri kosa. Kwa hiyo Anaseli aliendelea kuuza, ingawa kila mtungi uliotoka mlangoni aliusindikiza kwa macho mpaka ulipokata kona.

Siku ya kesi kusikilizwa, Leokadia aliingia mahakamani kwa magongo. Wakili wa Anaseli alimwuliza kwa upole. Kuna mtu aliyemlazimisha kuvuta? Hapana. Anajua kusoma? Ndiyo. Je, aliisoma karatasi iliyobandikwa pale dukani?

"Niliisoma, mheshimiwa," Leokadia akajibu, akimtazama hakimu na si wakili. "Karatasi ilinikataza. Lakini kila nilipolipa, mkono wake uliniongezea puto."

Watu wakageuka kumtazama Anaseli. Hakimu akamwuliza kama maneno hayo ni ya kweli.

Anaseli alikumbuka vizuri. Mfanyabiashara humpa mteja nyongeza ili arudi. Muuza nyanya huongeza moja, muuza mchele huongeza konzi. Yeye aliwaongezea vijana wale puto, kwa sababu ndilo walilolihitaji. Alilitoa chini ya kaunta, bila neno, na wao walilipokea bila neno. Hakuna mwingine aliyekuwa akiona. Wakili wake alikohoa kidogo. Anaseli akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Sikumbuki, mheshimiwa."

Hakimu akaliandika neno hilo, akapanga siku ya hukumu. Nje, wakili alimpa mkono, akamwambia kwamba kesi imekwisha.

Lakini kwa Anaseli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Neno lile alirudi nalo nyumbani. Aliketi nalo mezani, chakula kikawa hakina chumvi wala sukari. Alikwenda nalo kanisani. Katika sala, alipofika mahali pa kuomba msamaha, alipita haraka, kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Mama Aneth alimwuliza mara moja tu, "Ulimpa, hukumpa?" Akamjibu kwa ukali kwamba mambo ya mahakama ayaachie mahakama. Mkewe hakuuliza tena, na huko kutouliza kukamtesa kuliko swali. Akawa hakai. Akiketi anasimama, akisimama anauliza alichosimamia. Watu walimpongeza kabla ya hukumu, naye alizipokea pongezi kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake kituoni, asijue auweke wapi.

Mchana mmoja aliingia kijana, akataka mtungi, akalipa. Anaseli alikuwa anatazama ukutani, anaisoma karatasi yake, neno kwa neno, kama anayetafuta humo kosa la kalamu. Alipoyashusha macho aliuona mtungi juu ya kaunta, na juu ya mtungi palikuwa na puto la buluu. Hakukumbuka kulitoa. Mkono ulikuwa umeshuka wenyewe, umelitwaa, umeliweka, na ulikuwa bado umelishikilia kwa ncha za vidole ili lisidondoke.

"Asante, mzee," kijana akasema, kwa sauti ya aliyezoea.

Anaseli akautazama ule mkono kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Akauvuta mtungi. Akamrudishia kijana fedha yake, wala hakumweleza sababu. Kijana akaondoka akilalamika. Anaseli akafunga duka jua likiwa kichwani, akavuka barabara.

Leokadia alikuwa ameketi kwenye mkeka, akipiga pindo la sketi kwa mkono. Mzee Mbonea alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta. Hakuna aliyemwambia mgeni karibu, wala hakuna aliyemsogezea kigoda. Anaseli akasimama pale juani, kofia mkononi.

"Leokadia, mwanangu," akasema, "nimekuja kukwambia kwamba lile puto nilikupa."

Leokadia hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Usiniambie mimi, Baba Aneth," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Mzee Mbonea aliendelea kukanda. Anaseli akageuka, na safari hii hakuvuka kurudi dukani.

Wakili wake alipoyasikia aliyotaka kuyasema, alikusanya majalada yake, akamwomba atafute mwingine. Anaseli hakutafuta. Alikwenda mahakamani mwenyewe, akaomba kwamba kabla ya hukumu neno lake lifutwe na liandikwe jingine. Pande zote zikaitwa. Alisimama palepale aliposimama mwanzo, akasema kwamba alikumbuka siku ile na anakumbuka sasa. Kwamba aliwapa puto yule binti na wengine wengi, naye alijua puto lile halina kazi kwenye keki. Hakimu alimwuliza kwa nini basi aliandika onyo.

"Niliandika ili mimi nilale," akajibu.

Hukumu ilipotoka, hakimu alisema kwamba Leokadia aliipeleka gesi kinywani kwa mikono yake, na sehemu hiyo ni yake kuibeba. Lakini anayekataza kwa maandishi na kualika kwa vitendo hajakataza. Akaamuru Anaseli abebe gharama za matibabu ya binti yule na hasara ya kazi aliyoipoteza. Anaseli hakukata rufaa. Mitungi ikaondoka dukani, na wateja wengi wakaondoka nayo. Akahamia chumba kidogo zaidi, mtaa wa nyuma, akauza unga na hamira.

Mjini watu waligawanyika. Wengine walisema ni mpumbavu, kesi alikuwa ameshaishinda. Wengine walisema alisema kweli akiwa amechelewa, na kweli iliyochelewa haimrudishii mtu miguu. Hilo la pili lilikuwa sawa. Mguu wa kulia wa Leokadia ulipata nafuu, akaanza kuisikia tena baridi ya sakafu. Wa kushoto ulibaki kama wa mtu mwingine. Aliiuza cherehani, akafungua kijichumba cha kufundisha wasichana kukata vitambaa, akiwa ameketi. Hakumwambia Anaseli kwamba amemsamehe. Wala hakumwambia kwamba hajamsamehe. Wakikutana njiani humwamkia, "Shikamoo, Baba Aneth," naye huitika, kisha hubaki amesimama hata baada ya binti kupita, asijue kama aendelee na safari au arudi alikotoka.

Basi ninyi mlioketi hapa, mnaowaonya watoto wenu, wateja wenu na majirani zenu, na maneno yenu yote ni safi: baada ya mdomo kumaliza kukataza, mkono huwa unatoa nini?