Chipu Iliyokosa Usingizi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya mazimwi, ni ya juzi tu, palikuwa na zahanati moja milimani kule Upare. Umeme wa gridi haukuwa umefika. Kila kitu kilitegemea betri moja ya sola: taa, friji ya chanjo, na kisanduku cheusi kilichopigiliwa ukutani. Msimamizi alikuwa Sista Namsifu, nesi wa miaka kumi na tisa kazini, na kisanduku kile hakukipenda tangu siku ya kwanza.

Kila saa kisanduku kilisoma joto la friji, kikaligeuza kuwa maandishi ya siri, kikalituma wilayani, mtu asije akalichakachua njiani. Chipu iliyofanya ugeuzaji huo ilikuwa na ulafi wa umeme. Ikikaa macho kutwa, kazi inakwenda chapchap lakini betri inakwisha. Basi Fundi Mrutu, aliyeandika programu ya kuiendesha, aliiamuru hivi: ikikosa kazi sekunde mbili, ilale, kazi ikija, iamke. Na kuiamsha, jamani, kulikula umeme mwingi kuliko kuiacha macho dakika nzima. Lakini mara moja kwa saa, si neno.

"Umeniwekea jicho la kunichungulia," Namsifu alimwambia.

"Sista, hiki kinachungulia friji, si wewe."

Hakumwamini. Mtu anayepima friji, siri ya nini?

Kule wilayani alikuwapo Bwana Semkiwa, mratibu wa chanjo, mtu wa kushuku hata kivuli chake. Kila saa alipata jibu lile lile: nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne. Akakuna kidevu. Friji gani hii isiyopanda wala kushuka? Huyu nesi anaizima katikati ya saa achaji simu za watu. Hakumuuliza. Akiwa pale pale mezani kwake akabadilisha mpango: joto lisomwe kila sekunde tatu.

Weee! Chipu ikafanya kazi, ikangoja sekunde mbili, ikalala. Ikaamshwa. Ikalala. Ikaamshwa. Siku nne nzima ikalala na kuamshwa, na umeme wa kuiamsha ukazidi ule ambao ingekula kama ingekesha.

Kisanduku kikawasha taa nyekundu: betri inaisha. Namsifu akaiona inapepesa. Sasa wameanza kunipiga picha, akawaza. Akachukua kitenge chake akakifunika.

Alhamisi, siku ya kliniki, kina mama thelathini na mmoja walikuwa kwenye benchi na watoto wao. Namsifu akafungua friji, joto likampiga usoni. Betri ilikuwa imekwisha na chanjo zote zimeharibika. Akaona aibu hata ya kutoka nje kuwaambia. Akawaambia warudi wiki ijayo.

Halmashauri ikaleta fomu. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: jina la aliyesababisha hasara. Jina moja tu, na mwenye jina anaachishwa kazi. Bila fomu hiyo kujazwa, chanjo mpya hazitoki.

Alhamisi iliyofuata Mrutu na Semkiwa wakapanda mlima. Kalamu alikuwa nayo Namsifu, kwa kuwa zahanati ni yake.

"Betri ilidumu miezi minane na programu yangu," alisema Mrutu. "Niliipanga kwa mara moja kwa saa. Nani aliniambia habari za sekunde tatu?"

"Hata ningeona chipu haitulii, nisingeweza kuirefushia muda wa kukaa macho," alisema Semkiwa. "Kwa nini uliufunga muda huo nisiuguse?"

"Kwa sababu siwaamini. Mngeiacha macho mwaka mzima mkasahau."

"Na mimi siamini mtu. Mwaka jana dozi mia mbili zilipotea kwenye zahanati nyingine. Kushuku ndiyo kazi niliyopewa."

"Ungeniuliza," alisema Namsifu.

"Ungenijibu kweli?"

Kuchaji simu Namsifu aliwahi, yake mwenyewe, mara mbili.

"Na taa nyekundu nilikueleza siku ile ile nilipokifunga kisanduku," Mrutu akamgeukia. "Usingeifunika, ungenipigia, nami ningewahi."

"Ulinieleza mambo kumi siku ile. Moja lilikuwa kwamba hakinichungulii. Nikwambie ukweli, Fundi? Kumbe kilikuwa kinanichungulia, ila aliyekuwa nyuma yake ni huyu bwana."

Semkiwa akatazama dirishani. Nje, wale mama thelathini na mmoja walikuwa wamesharudi, wote. Mmoja akapenyeza kichwa mlangoni, mtoto mgongoni.

"Sista, zimekuja?"

"Bado, mama," Namsifu alimjibu. Akaiweka kalamu juu ya ule mstari.

Haya, nyie mnaotazamana kana kwamba mwizi yuko humu humu, semeni. Aliyeifunga programu kwa kutowaamini watu, aliyeikosesha chipu usingizi kwa kutomwamini nesi, na aliyefunika taa kwa kutowaamini wote wawili. Mstari ni mmoja, na watoto wanangoja. Je, Namsifu aandike jina la nani?