Mtoto Apewe Jina la Nani?

Sogeeni, mwenye mtoto mgongoni akae pazuri. Nikimaliza, nitawaachia ninyi hukumu.

Palikuwa na Mapendo, mkunga wa ng'ambo ya mto, nchi ya jirani, hodari wa kuandika aliyoyaona. Palikuwa na Tunu, muuza vitabu wa upande wetu, aliyejua mioyo ya wateja. Na palikuwa na Shani, msomaji mwenye sauti ya kutuliza. Jirani yake Kibibi, asiyejua kusoma, alijifungua binti kabla ya miezi kutimia. Mvua ikafunga njia ya zahanati. Alimviringisha kanga juu ya kanga. Mtoto akazidi kuwa baridi, wala hakunyonya.

Mapendo alikuwa ameandika kitabu cha kulea watoto njiti, baada ya kuzika wanawe wawili. Upande wetu hakikununuliwa. "Cha ng'ambo?" wanawake walimcheka Tunu. "Si ndio hao wanaokuja kuzalia kwetu?"

Tunu akakivika gazeti, jina na nchi vikafichika. Akakipeleka kwa Kibibi, amekikumbatia kisilowe, yeye akalowa.

"Kaandika nani?"

"Mama kama wewe."

Shani, aliyeitwa amsomee, akakifungua. Ndani, nchi ilitajwa. Kaka yake alipigwa huko ng'ambo akarudi kilema. Tangu siku hiyo Shani hakugusa kitu cha kule. Kibibi aliuona mkono wake ukisita.

"Kinasemaje, shoga?"

Shani akamtazama mtoto. Akasoma: "Mvue. Mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, mjifunike pamoja. Mkamulie maziwa, umnyweshe kidogo kidogo." Akarudia hadi sauti ikakauka. Kibibi akafanya hivyo. Kulipokucha, mtoto akalitafuta titi.

Leo anapewa jina, na mwenye jina atakuwa somo wake maisha yote.

"Bila mimi kitabu cha Mapendo kingeliwa na mchwa," alisema Tunu.

"Wewe ulificha nchi," alisema Shani. "Mimi niliiona, nikasoma."

"Kumbe cha ng'ambo?" mama mkwe wa Kibibi akashtuka. "Usije ukamwita Mapendo, mwanangu. Atachekwa kisimani."

"Huyo Mapendo hata hajui kama mtoto huyu yupo," Tunu akaongeza.

Kibibi akainamisha kichwa. Akimtaja mmoja, je, wawili hawatadhulumiwa? Wageni wanamtazama mdomoni. Mtoto ananyonya.

Je, wewe ungemwita nani?