Palahala wa Mwalimu Dorkas

Jua la Septemba lilikuwa limeikausha hifadhi ile ya kusini mwa Itigi mpaka nyasi zikawa na rangi ya kutu. Kando ya kidimbwi cha mwisho kilichobaki na maji, Mwalimu Dorkas alilala kifudifudi, kamera jichoni, kimya kama maji ya mtungini. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kinampanda, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka minne alikuwa akipiga picha za wanyama wa mkoa wake, ili atoe kitabu chenye majina yao kwa Kiswahili na Kinyiramba. Picha zote alikuwa nazo isipokuwa moja, ya palahala, yule mnyama mweusi wa jamii ya swala mwenye pembe zilizopinda kama mundu. Kibali chake cha kuingia hifadhini kilikuwa kinakwisha jioni hiyo.

Palahala akaja. Alikuwa dume, manyoya yakimeremeta kama yamepakwa mafuta. Aliinama, akanywa. Dorkas alibonyeza tena na tena huku moyo ukimdunda, hadi mnyama alipoinua kichwa na kutokomea kwenye miti ya miyombo.

"Nimempata, Damiani mwanangu!" alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Hongera, mwalimu," alijibu Damiani, askari wa wanyamapori aliyekuwa akimlinda. "Sasa turudi garini. Pametulia mno hapa, sipapendi."

Dorkas aliitia kamera mkobani, wakaondoka. Walikuwa nusu ya njia upepo ulipogeuka na kuanza kuwapuliza visogoni, ukipeleka harufu yao mbele. Kichaka kilichokuwa mbele yao kikatikisika. Tembo jike akachomoza, masikio yametanda kama milango, na nyuma yake mtoto mchanga aliyekuwa akiyumbayumba.

"Usikimbie," Damiani alisema kwa sauti ya chini, akikoki bunduki. "Rudi nyumanyuma, pole pole, mpaka kwenye lile jabali."

Jabali lilikuwa hatua thelathini. Hatua ya kumi, tembo alipiga ukelele uliowatetemesha mbavu, akaukunja mkonga kifuani na kuja mzima mzima. Damiani alijua maana yake. Huyo hakuwa akitisha tena.

"Tupa mkoba, mwalimu! Utupe mbele yake!"

"Palahala yumo humu!"

"Utupe! La sivyo nampiga risasi! Nikimkosa, tumekwisha. Nikimpata, yule mtoto atakufa kwa njaa!"

Dorkas aliukumbatia mkoba kama mtu aliyeombwa mwanawe. Ardhi ilitikisika. Kupitia vumbi alimwona yule mtoto wa tembo akimkimbilia mama yake, kamkonga kakiburuzika chini. Mwalimu akauvua mkoba begani, akaurusha kwa nguvu zake zote.

Tembo akasimama ghafla. Aliunusa, akaupindua, kisha akapiga magoti juu yake. Vioo vililia kama karanga kinywani. Kufumba na kufumbua Damiani alikuwa amemshika mwalimu mkono, wakakwea jabali wakitambaa, magoti yakichunika. Huko juu walijibana, hawathubutu hata kukohoa, mpaka mama na mwanawe walipozama vichakani.

Waliposhuka, Dorkas aliokota kipande cha kadi ya kamera iliyohifadhi picha. Kilikuwa kimekatika katikati. Alikitazama, kisha akamtazama Damiani, aliyekuwa akitoa risasi bundukini. Risasi moja ilimponyoka na kuanguka mchangani.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Kazi yako yote ya leo."

"Nikusamehe nini, baba?" Dorkas alimjibu. "Ningebisha kidogo zaidi, wewe ungekuwa umeua, au mkeo angekuwa mjane. Nipe mkono, twende garini."

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Ukurasa wa palahala una majina yake mawili na nafasi nyeupe. Dorkas alikuwa ameumia, na hakuficha. Usiku mwingine alimwota yule dume akinywa maji. Lakini yeye alikuwa mzima wa kuota, Damiani alikuwa kazini, na mtoto wa tembo alikuwa bado ananyonya. Kweli, heri nusu shari kuliko shari kamili.